Maksai wa Mzee Walubengo

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, nilipitia kwa Mzee Walubengo kumsaidia kuwafunga maksai nira. Kijijini kwetu, nje kidogo ya Bungoma, kuongoza maksai wa plau ilikuwa kazi ya wavulana. Lakini baba yangu alikuwa amefia vitani, nami sikuwa na kaka. Mzee Walubengo, jirani yetu, alimwambia mama, "Agneta, ng'ombe hajui msichana wala mvulana. Anajua sauti tu. Niletee Nanyama." Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nyumba yetu ilivyopata chakula.

Mzee hakuwapiga ng'ombe. Dume mchanga mwenye ukorofi alimfunga pamoja na maksai mzee mpole, kisha akatembea mbele yao akiwasemesha mpaka ukorofi ukaisha. Zaidi ya yote, aliwafundisha kusimama. Plau ikigonga jiwe lililofichika ardhini, nira inaweza kumvunja ng'ombe shingo. Kwa hiyo aliwazoeza sauti ya midomo: "Prrr!" Wakiisikia, walisimama papo hapo, hata mguu ukiwa hewani. Hawakuondoka tena mpaka mtu awaguse shingo na kuwaambia taratibu, "Haya, twende." Nilipoiweza sauti ile, mzee alicheka mpaka akakohoa.

Festus alikuwa nyapara katika shamba la mzungu mmoja karibu na Kitale. Kila mwaka alileta madume wake wachanga kwa mzee, akarudi kuchukua maksai waliokwisha kufundishwa, akaenda nao kushinda mashindano ya kulima huko Kitale. Kikombe chake kiling'aa juu ya kabati la sebuleni. Kila mgeni alisimuliwa jinsi Festus alivyo hodari wa kufundisha ng'ombe. Mzee Walubengo hakuletewa hata ratili moja ya sukari.

Kisha mzee akafa.

Kwetu, siku ya tatu baada ya maziko, waliofiwa hunyolewa nywele, na watu wote huulizwa hadharani: nani anamdai marehemu, na nani anadaiwa naye? Mama alisimama akasema, "Mimi marehemu ananidai. Watoto wangu wameshiba kwa mikono yake." Wengine nao wakasema yao. Hatimaye wazee wakamgeukia Festus.

Festus alikung'uta kaptura yake ya kaki. "Mimi? Hanidai kitu, bana. Si alikuwa mchungaji tu? Hata hao maksai, mimi ndiye nilimuonyesha namna ya kuwashika."

Hakuna aliyemjibu, maana nyapara ndiye aliyewatafutia vijana wao kazi. Jioni hiyo nilisukuma bakuli la uji kando. Nilimchukia Festus, nikaapa kwamba nitamwaibisha mbele ya watu mpaka atafute shimo la kujificha. Mama aliponiuliza kwa nini nimenuna, nilisema kichwa kinaniuma. Moyoni nilikuwa nimekwisha kujua la kufanya.

Siku ya mashindano ilipofika, mama na mimi tulipanda lori la mahindi hadi Kitale. Nilisukumana na watu mpaka nikafika kwenye kamba iliyozungushwa shambani. Festus aliingia na maksai wawili, Askari na Chumvi. Mimi na mzee ndio tuliowafundisha; Festus hakuwahi kukaa kujifunza ile sauti wala namna ya kuwaondoa baada yake. Festus aliwapungia watu mkono kama bwana harusi.

Nilimwacha aanze vizuri. Nilitaka aonje ushindi kwanza. Alipofika katikati, watu wakishangilia, nikakusanya midomo: "Prrr!"

Askari na Chumvi wakasimama kama waliopigiliwa misumari. Festus aliyumba, akaanguka kifudifudi juu ya plau. Watu wakaangua kicheko. Loo, kicheko kile kilikuwa kitamu! Festus aliinuka na udongo mdomoni, akapiga kelele, akasukuma. Wapi! Maksai hawakuondoka.

Ndipo akachomoa mjeledi.

Alimpiga Chumvi mgongoni, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka ngozi ikapasuka. Chumvi alitetemeka lakini hakuinua mguu, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofundishwa. Utamu wote ukageuka shubiri. Nilipita chini ya kamba nikakimbia.

"Wacha kumpiga!" nililia. "Mimi ndiye nimewasimamisha!"

Nikamgusa Chumvi shingo, kisha Askari. "Haya, twende." Wakaondoka. Nilishika mikono ya plau nikawaongoza kwa sauti hadi mwisho wa shamba, na mfuo wa plau ukanyooka.

Rotich, bwana shamba aliyesimamia mashindano, alikuja akiwa amekunja uso. "Msichana, nani amekufundisha kazi hii?"

"Mzee Walubengo wa Bungoma," nilisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Ndiye amefundisha maksai wote wa Festus, miaka yote. Na Festus alimkana siku ya kunyoa!"

"Ati nini? Huyu mtoto ni mwongo!" Festus alifoka.

"Basi mtoto awasimamishe tena, nawe uwaondoe," Rotich alimwambia.

Nikatoa tena ile sauti. Festus alisukuma, akabembeleza, akatukana. Maksai walimtazama tu. Rotich akachukua kipaza sauti cha bati, akatangaza kwamba Festus hatapata kikombe, na kwamba maksai hawa ni kazi ya marehemu Walubengo. Watu wakapiga makofi kwa ajili ya mzee. Nililia, lakini bado nilitaka Festus aumie zaidi.

Mama alinishika mkono. Nilidhani atanisifu.

"Chukua maji na chumvi," alisema. "Nenda ukamwoshe ng'ombe vidonda."

"Lakini mama, aliyempiga ni Festus!"

"Na aliyemsimamisha ili apigwe ni nani?" Mama alinitazama machoni. "Nanyama, hasira yako ilikuwa ya haki. Nami pia nilikasirika. Lakini mzee aliwafundisha sauti ile ili wasiumie, wewe ukaitumia wakaumia. Kilichomrudishia mzee heshima yake si hila yako. Ni ukweli uliousema mbele ya watu, na kazi uliyoifanya ukionekana. Ungesema hayo siku ya kunyoa, nami ningesimama nawe. Mtu wako akinyimwa sifa, isimamie kwa kweli na kwa kazi. Usitafute kisasi kwenye mgongo wa asiye na kosa."

Niliinama nikaanza kuosha mgongo wa Chumvi. Mama akamgeukia Festus, aliyekuwa amesimama kando akiangalia viatu vyake.

"Na wewe, nyapara, mbona umesimama? Njoo umshikie mtoto ndoo."

Watu wote waliokuwa pale walimtazama. Festus akaja, akapiga magoti kwenye udongo, akanishikia ndoo.