Zipu Nne Nyeusi

"Nisomee tena, taratibu," alisema mdogo wake kwenye simu.

Mshonaji alikunjua karatasi. Asubuhi, mumewe akiwa bafuni, alikuwa amenakili ujumbe kutoka simu ya mume huyo neno kwa neno. "Leo saa kumi. Usisahau kuja na ile sauti inayokutuliza."

"Dada, mwanamume anayetulizwa nje ana nyumba mbili."

"Sijaona kwa macho."

"Unasubiri uone nini, kadi ya mwaliko?"

Mshonaji hakuwa mtu wa tetesi. Alijua haya tu: kwa Alhamisi sita mfululizo mumewe, fundi umeme, alichelewa kurudi na mikono yake ilikuwa safi. Mume huyo alimzika kaka yake miezi minane iliyopita na hakutoa chozi. Wiki ile ya msiba alimkuta mkewe anashona huku akivumisha wimbo, mdomo umefumbwa kama kawaida yake, akamwambia, "Punguza hizo kelele."

Hakupunguza. Aliacha kabisa. Tangu hapo nyumba ilibaki na mlio wa cherehani peke yake, na sasa begi lake la nguo za kuondokea lilikuwa tayari chini ya kitanda.

Saa kumi alimfuata hadi ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Bango la mlangoni lilisema Ushauri Nasaha. Bango ni rangi tu, akawaza, akausukuma mlango.

Mumewe alikuwa amelala chali kwenye kochi, viatu pembeni, macho yamefumbwa. Mbali naye aliketi mwanamke wa makamo, daftari gotini, akitazama saa. Simu ya mumewe ilikuwa mezani, na ndani yake ililia cherehani yenye pedali inayokwaruza kila mzunguko wa nne. Cherehani yake. Juu ya mlio huo ilipanda sauti yake mwenyewe, ikivumisha wimbo.

Akakumbuka. Mwaka jana, siku chache kabla ya msiba, alimtumia mumewe ujumbe wa sauti: akipita mjini, amchukulie zipu nne nyeusi. Kisha akasahau kuzima, akaendelea kushona.

Machozi yalikuwa yakimtiririka mumewe hadi masikioni.

"Wewe ndiye mwenye zipu?" aliuliza mshauri.

"Ndimi."

Mshauri alimgeukia mumewe. "Nimweleze?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Tumejaribu filimbi, kinanda, hata sauti ya mvua. Mapigo ya moyo yalibaki tisini na sita. Kwa hii yameshuka hadi sabini na nne, na leo amelia. Muziki haumwondolei mtu msiba, dada. Unamtuliza tu mpaka aweze kuutazama."

Mshonaji alimgeukia mumewe. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba nimekunyamazisha nyumbani, halafu nakuja kukusikiliza kwa watu?"

"Ungesema tu, imba."

"Ungekataa."

"Ningekataa." Akaketi ukingoni mwa kochi. "Siku ya kwanza. Ya pili ningeimba."

Mumewe alicheka huku pua imejaa. "Ukianza tu namwona kaka pale mlangoni, anakutania kwamba umesahau maneno. Siku ile nilishindwa kustahimili."

"Nilidhani umenichoka."

"Sijawahi."

Simu ya mshonaji ikatetema. Mdogo wake: "Umemkamata?"

Akaandika: "Nimemkamata. Mwanamke mwenyewe ni mimi."

"Dada, sijaelewa."

"Nitakupigia."

Wakishuka ngazi alisema, "Na zipu uliniletea tatu."

"Nilihesabu nne."

"Tatu. Gauni la mteja nililifunga kwa vifungo."

"Mbona hukusema?"

"Tulikuwa hatusemi, mume wangu."

Jioni ile pedali ilikwaruza kila mzunguko wa nne, na juu yake wimbo ukapanda, maneno yamesahaulika kama zamani. Fundi umeme aliketi mlangoni, pale alipozoea kukaa kaka yake, akalia bila haraka. Begi lilikuwa limerudi juu ya kabati, tupu.