Alichosema Mama Aluong

Nakiru, nesi wa Lodwar, alikwenda soko la Kakuma kununua kitenge, akarudi na namba ya simu. Alikuwa na gauni la njano na shanga shingoni. Dau, Mdinka kutoka Sudan Kusini, alisimama mlangoni pa duka lake na shati jeupe lililopigwa pasi, bodaboda zikimrushia vumbi.

"Ejok, sista," Dau alimsalimu kwa Kiturkana. "Hii kitenge inakuita."

"Ni kitenge inaniita ama ni wewe?"

"Sisi wote wawili."

Tangu hapo simu hazikuisha.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Utanipeleka lini kwa mama yako?"

"Mama ni mkali. Anataka mke wa Kidinka."

Hilo ndilo lililomnyima Nakiru raha. Kisha Mama Aluong, mama yake Dau, akaanguka, akavunjika nyonga, akaletwa Lodwar kupasuliwa. Akalazwa katika wodi ya Nakiru.

Baada ya upasuaji, kila mzee huulizwa maswali machache: uko wapi, huyu ni nani. Akili ikichanganyikiwa ghafla, kuna ugonjwa unaojificha mwilini, na hutafutwa upesi. Mama Aluong alijua Kidinka tu. Kanuni ilikataza ndugu kutafsiri, lakini mkalimani hakuwepo, na Dau alikuwa pale akitabasamu. Mapenzi hayana macho, na siku hiyo hayakuwa na masikio pia.

"Muulize yuko wapi," Nakiru alisema.

Mama alinong'ona kwamba yuko kwenye kambi ya ng'ombe. Dau alimgeukia Nakiru. Angemwonyeshaje mchumba mama aliyerukwa na akili?

"Anasema iko hospitali, Lodwar."

"Na wewe, anakujua ni nani?"

Mama alimwita Kuol, kaka yake Dau aliyekufa vitani.

"Anasema mimi ni Dau."

Kisha mama akamnyooshea Nakiru kidole, akasema maneno mengi kwa sauti iliyokauka.

"Amesema nini?" Nakiru aliuliza.

"Anasema wewe ni binti mzuri. Amekubali nikuoe."

Nakiru aliandika kuwa mgonjwa ana akili timamu, akatoka akifuta machozi ya furaha.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku mbili baadaye Adhel, binamu yake Dau, alifika, akamwinamia mama, akasikiliza.

"Sista, huyu mama anaongea na watu wamekufa. Hamjaona?"

Madaktari walikuja mbio. Maambukizi yalikuwa yameingia kwenye damu na mwili umekaukiwa maji. Mama Aluong alifariki Jumapili, watu wakitoka kanisani.

Baada ya mazishi Dau alimngoja Nakiru langoni pa hospitali.

"Nilitaka tu umpende mama. Niliogopa utasema kwetu iko na wazimu."

"Haikuwa wazimu, Dau. Ilikuwa ugonjwa, na unatibika."

"Nisamehe. Tuoane, mpenzi."

"Hata mimi nilikosa. Kanuni niliijua." Nakiru alimtazama. "Siku ile alininyooshea kidole. Alisema nini?"

Dau aliangalia viatu vyake.

"Alisema ufungue ndama. Wanakufa kiu."

Nakiru alikumbuka. Jagi la maji lilikuwa pale pale mezani siku ile, karibu na mkono wake mwenyewe.

"Ni yeye alikuwa na kiu, Dau."

Akavua kitenge alichojitanda, kile alichonunua dukani kwa Dau, akakikunja vizuri, akampa. Kisha akarudi wodini, ambako wagonjwa walikuwa wanamngoja.