Furukombe wa Runingani

Kila jioni Nanyama alifungua kufuli, akavua sare, akawasha runinga na kuongeza sauti. Mama yake alifanya kazi katika shamba la maua Naivasha na hakurudi kabla ya saa mbili. Nyumba ikiwa kimya, upweke ulimzidi.

Tamthilia zenyewe hazikumshughulisha. Alitega sikio kwa ndege. Shore akilia nyuma ya wapenzi wanaogombana, kunguru akimpigia kelele mheshimiwa anayehutubia, wote waliingia daftarini: jina, kipindi na saa. Ijumaa alilisoma daftari hilo katika chama cha mazingira shuleni. Alikuwa mgeni Nakuru, na hiyo ndiyo siku pekee wenzake walimsemesha.

Ijumaa moja alisoma jambo kubwa. Furukombe, yule tai mla samaki, alikuwa amelia mara mbili katika tamthilia, ndani ya sebule ya ghorofa ya Nairobi! Wanachama walicheka hadi machozi.

"Nanyama, wewe ni moto!" Kui alisema. "Tukiandikie barua kile kipindi cha ndege cha redio. Watasoma jina lako!"

Mwalimu Makokha, mlezi wa chama, alikubali barua itumwe Ijumaa iliyofuata.

Alhamisi, saa kumi na moja na nusu, stima ikapotea. Runinga ikazimika. Katika kimya kile, furukombe akalia. Nanyama alikimbilia dirishani. Ndege alikuwa juu ya mlingoti wa simu nyuma ya nyumba, kichwa cheupe, akilitazama ziwa ambalo siku hizi limesogea karibu na mtaa. Saa ilikuwa ileile ya tamthilia. Kumbe alikuwa nje siku zote!

Nani angejua? Lakini yeye alijua. Akisema, nani atamsemesha tena?

"Mwalimu, nilikosea," alisema kesho yake chamani, mbele ya wenzake. "Huyo furukombe alikuwa nje kwetu. Tafadhali barua isiende."

Alitaka kuuchana ukurasa, lakini Mwalimu Makokha akamzuia.

"Usichane. Kata kwa mstari mmoja, uandike ukweli chini yake. Mtu anayekubali kosa lake mbele ya watu, hata hayo mengine aliyoandika tunayaamini."

Nanyama aliandika, akisubiri kuchekwa.

"Ngoja kwanza," Kui alisema. "Furukombe anakuja hadi kwenu? Naomba nikuje nimwone!"

Jioni ile runinga haikuwashwa. Wasichana wawili walikaa dirishani na daftari moja, wakingoja saa kumi na moja na nusu.