Ugonjwa Ulioingia kwa Mikono

Mama Pacha alikuwa na mikono myepesi. Bondeni kote hakuna aliyemfikia kwa kupogoa nyanya. Kupogoa ni kuondoa vichipukizi, vile vitawi vidogo vinavyoota kwapani mwa majani na kunyang'anya matunda chakula. Wengine walitumia wembe. Yeye alitumia ukucha wa dole gumba, na kabla hujamaliza kumsalimia, mstari umekwisha. Jioni mikono yake ilikuwa imekoza kijani cha utomvu mpaka inakaribia weusi. Hakuwa na haraka ya kuinawa. Rangi ile ilikuwa cheo chake.

"Mikono hii ikigusa mnyanya," alipenda kusema, "mnyanya unanenepa."

Wanawake wa bondeni walisaidiana kupogoa. Leo walikuwa shamba hili, kesho lile. Kila mwenye shamba alitaka Mama Pacha aanzie kwake, naye alijua hivyo, na alijidai kidogo.

Nyumbani aliishi na mumewe, fundi wa matenga ya kubebea nyanya, na pacha wao wawili. Siku hizi aliishi pia na wifi yake, dada wa mumewe, aliyerudi baada ya ndoa yake kuvunjika. Alirudi na begi moja, na hakupenda kuulizwa. Kaka yake alimpa kipande cha shamba kando ya mfereji. Wifi alilima, akapanda nyanya kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Nikivuna hapa," alimwambia Mama Pacha, "nitaacha kujiona mgeni kwenye kiti ninachokalia."

"Utavuna, wifi. Mimi nipo."

Msimu ule Mama Pacha alikuwa na siri. Sokoni, mwanamume mmoja mwenye mkoba alimvuta kando.

"Mbegu za maabara hizi, mama. Zimebadilishwa vinasaba. Haziugui kamwe. Serikali haitaki mzijue."

"Mbona pakiti haina maandishi?"

"Kitu kizuri hakitangazwi, mama yangu."

Jibu lile lilimkolea. Alinunua, akaficha pakiti kifuani, akarudi nyumbani akijiona mjanja kuliko soko zima. Hakumwambia mumewe, wala wifi yake. Alitaka watu wazione nyanya zake kwanza, kisha wabaki wanaulizana.

Minyanya iliota vizuri. Kisha majani ya juu yakaanza kuwa na madoadoa, kijani hapa, manjano pale. Mengine yalikunjamana na kuwa membamba. Matunda machache ya mwanzo yakatoka na mabaka ya kahawia. Mama Pacha alijiambia ni jua. Siku ya pili akajiambia ni mbolea.

Wakati huo huo zikaja habari kwamba mkaguzi wa mimea wa serikali anapita mashambani. Kwenye soko kuu kulikuwa kumeonekana nyanya zenye ugonjwa, na zilitoka upande wa bondeni. Watu walitia chumvi kama kawaida yao. Wakasema serikali inataka kuchoma nyanya zao zote ili iwauzie za maabara. Mama Pacha, mwenye mbegu za maabara nyuma ya nyumba, alitikisa kichwa pamoja nao kwa masikitiko makubwa.

Asubuhi ya ukaguzi aliamka mapema. Aling'oa minyanya yote yenye madoadoa kwa mikono mitupu, akaishindilia kwenye gunia, akalificha nyuma ya banda la kuku.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mrefu mwenye viatu vya mpira. Alikuja na ndoo yake mwenyewe. Kabla ya kuingia shamba lolote alisugua viatu kwa brashi na maji ya dawa, kisha akanawa mikono kwa sabuni. Wanawake wakacheka chini chini.

"Afisa anaogopa matope," Mama Pacha akanong'ona, nao wakaangua kicheko.

Mkaguzi alipofika kwake, alitembea taratibu kati ya mistari.

"Mbegu ulinunua wapi, mama?"

"Dukani, Afisa."

"Pakiti yake unayo?"

"Watoto waliichezea, ikapotea."

"Na mapengo haya katikati?"

"Kuku, Afisa. Kuku wametumaliza."

Kuku wa watu, wasio na kosa lolote, wakasingiziwa. Mkaguzi alitazama mapengo, kisha akamtazama Mama Pacha.

"Ukiona majani yana madoadoa, niite," alisema. "Siji kumkamata mtu. Nakuja ili ugonjwa usihame."

"Nitakuita, Afisa," akajibu kwa heshima zote. Uongo ulimtoka laini, mpaka mwenyewe akashangaa.

Mchana ule ule alikwenda kumpogolea wifi yake, mikono ikiwa na utomvu wa asubuhi. Walicheka sana siku ile. Alipofika nusu ya shamba mvua ikashuka, wakakimbia nyumbani.

Haukupita muda mrefu, wifi akaja uani na jani mkononi. Lilikuwa na madoadoa.

"Wifi, hili ni nini?"

Mama Pacha alilijua jani lile kama anavyojua sura ya mtoto wake.

"Labda ni jua," akasema.

Mashamba mengine mawili ya jirani nayo yakaanza kubadilika. Watu wakatafuta wa kumlaumu, na hawakwenda mbali. Bondeni kulikuwa na mkulima mmoja tu mgeni. Walisema wifi amelima vibaya. Walisema ametoka na mkosi huko alikoachwa. Maneno yakamfikia kaka yake. Siku moja mchana, akiwa uani anapigilia misumari kwenye tenga, alimwita.

"Dada yangu, watu wananisema mimi. Wanasema ugonjwa umetoka shambani kwako. Kama kilimo kimekushinda, si ungesema?"

Wifi alisimama huku ameshika kanga yake kifuani.

"Labda ni kweli, kaka. Labda nilimwagilia kupita kiasi. Nisameheni."

Mama Pacha alikuwa jikoni, mlango wazi, hatua chache tu kutoka pale. Angeweza kusema. Neno moja lingetosha. Akaongeza maji kwenye sufuria ambayo haikuhitaji maji. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Hata hivyo hakusema. Siku ile mchuzi ulikuwa majimaji na hakuna aliyelalamika, na hilo likamuumiza zaidi.

Mkaguzi akarudi. Safari hii alikwenda moja kwa moja kwenye shamba la wifi. Majirani walisimama kando ya mfereji, wamenuna. Mama Pacha alisimama nyuma yao, mikono ameificha chini ya kanga.

Mkaguzi alinawa, akaingia, akapita mstari kwa mstari. Kisha akafanya jambo la ajabu. Alisimama katikati ya shamba, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Upande huu wote ni mgonjwa," alisema. "Upande ule ni mzima. Na mpaka wake umenyooka. Ugonjwa wa kuletwa na wadudu haukati mstari namna hii. Huu umeletwa na mikono. Nani alipogoa hapa?"

"Wifi yangu," akasema wifi. "Mvua ilimkatiza. Lakini huyo usimguse, Afisa. Huyo ana mikono ya baraka, bonde zima linajua. Kama kuna kosa, ni langu. Andika jina langu mimi, watu waache kuinunia nyumba ya kaka yangu."

Mama Pacha alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka. Akapiga moyo konde, akapenya katikati ya majirani mpaka mbele.

"Ni mimi," alisema.

Watu wakageuka.

"Mbegu zangu hazikutoka dukani. Nilinunua kwa mtu wa mkoba, pakiti haina jina. Minyanya iliugua, nikaing'oa asubuhi ile uliyokuja, Afisa. Ipo kwenye gunia nyuma ya banda. Kuku hawakufanya kitu. Kisha nikaja hapa na mikono ile ile, sikunawa. Nimepita na kwa hawa wengine pia. Wifi yangu hajakosea popote. Nilisikia analaumiwa, nikanyamaza."

Mumewe aliinamisha kichwa. Wifi alimtazama tu, kisha akageuka na kutembea mpaka mwisho wa shamba, akasimama huko peke yake. Mama Pacha angefurahi kama angetukanwa.

Mkaguzi hakumpigia kelele.

"Ahsante kwa kusema," alisema. "Ungesema siku ile, tungeng'oa minyanya yako michache tu. Lakini hata leo hatujachelewa kabisa. Sogeeni wote, msikie."

Akaeleza kwamba ugonjwa ule ni wa kirusi, kijidudu kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Mmea ukishaugua hauna dawa. Kirusi kinakaa ndani ya mbegu na ndani ya utomvu. Kinasafiri kwa mikono, visu, nguo, viatu na matenga. Mtu akila nyanya hizo hadhuriki, ila mkulima anakosa mavuno.

"Kwa hiyo zile mbegu za maabara ndizo zimetuletea balaa," akasema jirani mmoja.

"Tutazipima ndipo tujue," mkaguzi akajibu. "Mbegu iliyobadilishwa vinasaba ni ile ambayo wataalamu wameibadilisha sifa zake ndani kabisa, zile ambazo mmea unarithi. Kabla haijafika kwenu lazima serikali iipime na kuiruhusu, na lazima ijulikane imetoka wapi. Haiuzwi kwenye mkoba kwa kunong'ona. Na mbegu yoyote, ya kubadilishwa au ya kawaida, isipokaguliwa inaweza kubeba ugonjwa. Mbegu iliyokaguliwa ina lebo. Isomeni. Asiyejua kusoma amwombe mwenziwe amsomee, na pakiti aitunze mpaka avune."

Kazi ikaanza siku ile ile. Waling'oa upande wote mgonjwa wa shamba la wifi, na mistari miwili mizima iliyopakana nao. Walivaa mifuko ya plastiki mikononi. Minyanya ilitiwa kwenye magunia, ikafukiwa kwenye shimo refu mbali na mfereji. Kwa majirani wawili nako waling'oa yote iliyougua. Shamba la Mama Pacha liling'olewa lote, na gunia la nyuma ya banda likafukiwa pia. Visu na wembe vilichemshwa. Baba Pacha aliyasugua matenga yote kwa maji ya dawa. Alipomaliza alimwendea dada yake.

"Nilikukosea," alimwambia. "Nilisikiliza watu kabla ya kukusikiliza wewe."

"Ulikuwa unaumia, kaka. Yamekwisha."

Kwa Mama Pacha hayakuwa yamekwisha. Kulikuwa na mashamba mengine aliyokuwa amepogoa, na wenyewe hawakuwapo siku ile. Alijikaza akaenda nyumba kwa nyumba. Kila mlango alisema maneno yale yale: "Nimekuletea ugonjwa kwa mikono yangu. Kagua shamba lako, ukiona madoadoa mwite mkaguzi." Mmoja alimfungia mlango. Mwingine alimkaribisha maji ya kunywa, na yale maji yalikuwa magumu kumeza kuliko mlango uliofungwa. Lakini wote walikagua, na ugonjwa ukakamatwa kabla haujasambaa.

Majibu ya vipimo yalipokuja, mkaguzi alimletea mwenyewe nyumbani.

"Mbegu zako hazikubadilishwa kitu, mama. Ni za kawaida kabisa. Inaonekana mtu alizikamua kwenye nyanya zilizougua, akazianika, akakuuzia."

Ujanja wote ule, siri yote ile, kumbe Mama Pacha alikuwa amenunua mbegu za nyanya mbovu.

Upande mzima wa shamba la wifi ulizaa vizuri. Matenga yake yalisimamishwa na wakaguzi kwenye lango la soko kuu, yakafunguliwa, yakatazamwa, yakaruhusiwa kupita. Wifi alirudi na viti viwili vipya vya kamba. Kimoja alikalia yeye. Hakusema cha pili ni cha nani.

Msimu uliofuata bonde lilibadilika. Kila shamba lilikuwa na ndoo ya maji na sabuni mlangoni, na hakuna aliyecheka tena viatu vinaposuguliwa. Palipougua walipanda mahindi. Wifi alipanda nyanya kwenye upande wake mzima, kwa mbegu zenye lebo. Mama Pacha alipanda maharage. Wanawake walisaidiana kupogoa kama zamani, ila yeye hakuitwa, wala hakujipeleka. Wakipita alijifanya ana kazi nyingi kwenye maharage.

Asubuhi moja alisikia sauti kutoka ng'ambo ya mfereji.

"Wifi. Vichipukizi vinanishinda huku. Au mpaka nikutumie barua?"

Mama Pacha alisimama palepale.

"Wengine wapo, wifi. Waite wao."

"Nimekuita wewe."

Akavuka. Penye ndoo akainama akanawa. Alisugua viganja, akasugua kati ya vidole, akasugua chini ya kila ukucha, akamwaga maji na kuanza upya.

"Hiyo sabuni ni ya msimu mzima, wifi," alisema mwenye shamba. "Usiimalize leo."

Mama Pacha akacheka, na machozi yakamtoka humo humo kwenye kicheko. Akaingia, akaanza kupogoa taratibu, kama mtu anayejifunza. Mwisho wa mstari wa kwanza aliitazama mikono yake, ikiwa imeanza kukoza kijani. Akaona aibu ile ile, mbichi kama ya jana. Akarudi mpaka kwenye ndoo kunawa tena kabla ya kugusa mstari wa pili.

Wifi yake akamngoja.