Mashimo ya Kunegunda

Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Siku ya tatu ikakatika. Kunegunda akawakorogea watoto uji, akafunga kanga kiunoni, akabeba jembe na kupanda kilimani kwenye shamba lao. Ilikuwa Februari, mwaka 1994, huko Mshangano, pembeni mwa mji wa Songea.

Alipofika shambani alisimama ghafla. Jembe likamtoka mkononi.

Nusu ya mahindi haikuwepo. Matuta waliyochimba yeye na mumewe, Sixbert, yalikuwa yamepasuka toka juu hadi chini. Mahindi yaliyokwisha kufika magotini yalilala kwenye tope kule bondeni, mizizi juu. Kijito ambamo mtaa mzima uliteka maji kilikuwa chekundu.

Sixbert alimfuata nyuma. Alitazama, akachuchumaa chini.

"Na mbolea yangu imekwenda," alisema.

Zamani chama cha ushirika kilileta mbolea mpaka kijijini, na mkulima aliichukua kwa mkopo nafuu. Sasa biashara ilikuwa huria. Mbolea ilikuwa madukani mjini, na mwenye duka ndiye aliyepanga bei. Mwaka ule Sixbert aliuza mbuzi wao wawili ili apate mfuko mmoja tu. Mfuko wenyewe ulikuwa umeliwa na kijito.

Jumapili baada ya Misa, kaka yake Sixbert aliwatembelea. Jina lake Makarius. Alikuwa mkubwa wa ukoo, na alizoea kusema mara moja akasikilizwa.

"Kilima kile kimechoka," alisema. "Mwachane nacho. Kiangazi tutakata ule msitu wa juu, pale kijito kinapoanzia. Ardhi yake bado nyeusi. Tutachoma miti, tutalima. Hatutahitaji mbolea ya mtu."

Sixbert akaitikia kwa kichwa. Kunegunda alikuwa akipepeta maharage. Aliweka ungo chini.

"Shemeji, msitu ule ndio unaotupa maji."

"Maji yanatoka ardhini, si kwenye miti."

"Na huo msitu nao ukichoka, tutakata upi?"

Makarius hakuzoea kuulizwa. "Wewe una shauri gani?"

"Ninalo," alijibu Kunegunda. "Nitachimba ngoro."

Kunegunda alizaliwa Mbinga, kwa Wamatengo. Kwao milima imesimama wima kuliko Mshangano, lakini watu wamelima juu yake tangu enzi za mababu. Wanafyeka nyasi na kuzilaza chini kwa mistari inayokatizana, mpaka zifanye miraba. Kisha wanachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunika zile nyasi. Katikati linabaki shimo, na pembeni tuta. Maharage na mahindi hupandwa juu ya tuta. Shimo hushika maji ya mvua. Hayo ndiyo mashimo ya ngoro.

Makarius alicheka. "Hayo ni mambo ya Umatengoni. Hapa ni Songea. Hapa tunalima kwa matuta."

"Matuta yenu nimeyaona. Yako mtoni."

Sixbert alimkazia macho mkewe. Kunegunda hakuinamisha kichwa.

Mwezi wa Machi alianza kazi peke yake, sehemu ndogo ya shamba. Sixbert hakumkataza, na hakumsaidia. Kwa Wamatengo wanaume hufyeka na kupanga nyasi, wanawake hufukia. Kunegunda alifanya yote mawili. Mikono ilimtoka malengelenge. Waliopita njiani walisimama kumcheka.

"Mama Dorine! Unachimba makaburi ya nani?"

"Ya njaa!" aliwajibu. "Na nafasi ya domo lako ipo!"

Alipanda maharage. Lakini wiki mbili baadaye ikaja mvua kubwa. Mashimo ya safu ya juu yakapasuka, maji yake yakabomoa ya chini. Mashimo kumi na tano yaliharibika. Kunegunda aliketi kando yake, akalia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha akafuta macho, akaanza kuyazibua tope.

Hivyo ndivyo Devota alivyomkuta. Devota alikuwa bibi shamba wa kata, mama mwenye baiskeli na buti za mpira.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele amina," alijibu Kunegunda bila kuinuka. "Kama umekuja kucheka, pita tu. Wenzio wameshacheka."

"Sikuja kucheka. Nilipelekwa Mbinga kikazi, nikaziona ngoro. Chuoni hawakutufundisha. Nilishangaa mteremko mkali vile, na udongo hauondoki." Devota akachutama, akatia mkono kwenye tuta lililobomoka. "Nyasi ulizoweka ni chache. Ona, vidole vyangu vinagusa udongo mara moja. Na shimo ni pana mno."

"Nilikata nyasi mwenyewe. Nilichoka."

"Basi ngoro haina kosa. Imekosa mikono tu. Laza nyasi unene wa kiganja kilichosimamishwa. Kila upande wa mraba uwe hatua moja na nusu, usizidi. Na kule juu ya shamba chimba mfereji wa kukingama, maji ya njiani yasikuingilie."

Kunegunda alianza kumsikiliza vizuri.

"Hebu niambie," alisema. "Kwa nini udongo wetu umechoka? Shemeji anasema tuuache kabisa."

Devota aliokota bonge la udongo mtupu na bonge jingine lililokuwa chini ya nyasi. Akayaweka juu ya jiwe, akayamwagia maji ya kibuyu. Bonge la kwanza likayeyuka, maji yakatiririka mekundu. La pili likanywa maji, likabaki.

"Kila mwaka mkivuna mnachoma mabua na magugu," alisema. "Mnachoma chakula cha udongo. Udongo wenye njaa haushikani, mvua ikija unaondoka. Mbolea ya dukani ni nzuri, lakini ukiitia kwenye mteremko mtupu unalisha mto. Usichome. Magugu ya palizi yatupe ndani ya mashimo, yaoze humo. Tia samadi. Na ule upande unaoupumzisha, panda marejea, yale ya jamii ya kunde. Yakikua, yafyeke na kuyafukia kabla hayajakomaa. Nayo ni mbolea."

Kunegunda alirekebisha mashimo yote kumi na tano. Mvua za Aprili hazikubomoa hata moja. Mwezi wa Juni alivuna maharage, akamwekea Sixbert bakuli mezani. Sixbert alikula akamaliza. Aliongeza.

"Yametoka kwenye yale mashimo?" aliuliza.

"Ndiyo."

Alifuta bakuli kwa kidole. Lakini hakuwa na ujasiri wa kumkabili kaka yake.

Septemba ikafika, na Makarius hakuwa amesahau. Asubuhi moja alipanda njia ya msituni na wanaume wanne, kila mmoja na shoka begani. Sixbert alikuwa miongoni mwao.

Walipofika kijitoni walisimama. Kunegunda alikuwa katikati ya njia, na ndoo yake ya maji chini. Nyuma yake walikuwepo wanawake wengine tisa wa mtaa, nao na ndoo zao. Kiangazi kilikuwa kimebana. Kijito kilikuwa kimebaki uzi, lakini kilitiririka.

"Tupisheni," alisema Makarius.

"Hatupishi," alisema Kunegunda.

"Wewe ni mwanamke wa kuolewa. Ardhi hii ni ya ukoo wetu."

"Nimeolewa hapa. Nimezaa hapa. Mtoto wangu mmoja amezikwa pale chini, karibu na baba yako. Usiniambie mimi ni mgeni." Miguu yake haikusogea. "Shemeji, jibu moja tu. Ukishakata miti hii, mkeo atateka maji wapi mwakani?"

Makarius alitazama nyuma ya Kunegunda. Mkewe mwenyewe alikuwa pale, ndoo kichwani, anamtazama usoni.

"Ardhi imechoka!" alifoka. "Tule nini?"

"Yangu haijachoka. Nilivuna maharage pale uliponiambia nipaache. Mwulize ndugu yako, amekula."

Watu wote wakamgeukia Sixbert. Alitazama shoka, akamtazama kaka yake, akamtazama mkewe. Kisha akaliweka shoka chini, akavuka njia, akasimama upande wa ndoo.

"Kaka, nisamehe," alisema. "Mimi sikati."

Makarius alitema mate chini. Aligeuka akashuka, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Wiki nzima hakuwasalimia.

Kesho yake Sixbert alichukua nyengo, ule upanga wa kupinda wa kufyekea, akaanza kukata nyasi. Alikata nyingi. Kunegunda alimwonyesha namna ya kuzilaza, naye akakosea, akarudia. Walichimba mpaka shamba lote la kilimani likawa kama sega la nyuki. Safari hii walipopita wenye kucheka, Sixbert ndiye aliyewajibu.

Desemba walipanda mahindi. Januari mvua ikaja kama ile ya mwaka uliopita. Ilipopungua alasiri, mke na mume walikimbilia kilimani, wamelowa. Mashimo yalikuwa yamejaa maji hadi midomoni, na matuta yamesimama. Mahindi yalikuwa wima. Kijito kule chini kilikuwa na maji mengi, nayo hayakuwa mekundu.

Sixbert alicheka peke yake kama mtoto.

Mwaka ule walijaza kihenge, na juu yake wakabakiwa na magunia ya kuuza. Mbolea ya dukani walitia kidogo tu, penye shina, na haikwenda popote. Baada ya mavuno Makarius alifika uani kwao. Hakuketi. Alizungumza akitazama paa.

"Zile nyasi," alisema. "Mnalaza unene gani?"

Kunegunda alisimamisha kiganja chake. "Hivi, shemeji. Njoo kesho na nyengo yako. Mimi nitakuonyesha."

Naye alikuja. Kabla ya mvua, familia saba za kilima kile zilikuwa zimechimba ngoro, na hakuna aliyetaja msitu tena.

Habari zikafika mjini. Siku moja Devota alikuja na ofisa wa kilimo na fundi wa kuandika vibao. Fundi alikuwa ameshaanza kazi. Kibao kilisomeka: SHAMBA LA MFANO LA BWANA SIXBERT.

Kunegunda alikuwa amejifunza kusoma kwenye darasa la watu wazima. Alisoma polepole. Akasema, "Hapana. Futa."

"Mama, sisi huandika jina la mkuu wa kaya," alisema ofisa.

"Mkuu wa kaya yule pale. Mwulizeni."

Sixbert alikuwa akinoa nyengo. "Mimi nilikata nyasi," alisema. "Tena nilichelewa. Mwandikeni aliyeanza."

Devota akampokonya fundi kitambaa, akafuta mwenyewe. Fundi akachovya brashi upya, akaandika: NGORO ZA KUNEGUNDA. UJUZI WA WAMATENGO.

Rangi ilipokauka waliusimika mti wa kibao kando ya barabara. Kunegunda alisimama mbele yake, mikono kiunoni, akasoma jina lake kwa sauti, herufi kwa herufi, mpaka wapita njia wakasimama kusikiliza.