Mkaja wa Bi Kuluthum

Soko la Kongowea lilikuwa limefurika. Raihana, na buibui lake jeusi na mtandio wa zambarau, aliishika leso moja ya kijani, akaipapasa, kisha akairudisha.

"Haikukupendeza, bibie?" akauliza Mussab, mwenye kibanda.

"Ingempendeza mama, lakini hawezi kuivaa. Yuko Maskati."

"Kwani Maskati leso ni haramu?"

Raihana akacheka, na kwa kicheko hicho Mussab akaisha kabisa, maskini. Toka siku ile simu zao hazikupoa.

"Umekula, roho yangu?"

"Nile vipi na sijakusikia?"

Ikafika posa. Mamake Mussab, Bi Mwanatatu wa Timbwani, hachezi na mila: binti haolewi mpaka mamake aombwe, na apelekewe mkaja, nguo ya kumshukuru kwa uzazi wake. Mussab akaomba nambari ya Maskati. Leo simu ya mama imeharibika, kesho mama ameenda Umra. Mwishowe akapandwa na hamaki, akapiga.

"Raihana, wanichezea? Au kuna mwengine?"

"Wallahi hakuna. Mama hayuko Maskati. Yuko gerezani, hapa hapa Kisauni. Amefungwa maisha. Alimuua baba wa kambo aliyekuwa akimpiga. Kila aliyenitaka, alipojua alikimbia. Nawe kimbia."

Simu ikakatwa. Raihana akalia mpaka macho yakavimba.

Siku ya kuwaona wafungwa, alifika langoni na sabuni zake, akamkuta Mussab juani, kanzu imenyooshwa pasi, mamake ubavuni.

"Si ulinikatia simu!"

"Nilitoka mbio, mpenzi. Nikaenda kumwambia mama. Naye akaniuliza, basi twangoja nini?"

Ndani, Bi Kuluthum, mamake Raihana, aliletwa na sare yake ya kifungo. Bi Mwanatatu akaitoa ile leso ya kijani.

"Avae, lakini akitoka hapa airudishe," akasema askari Mwikali. "Nguo za nje haziruhusiwi."

Bi Mwanatatu akamfunga leso kiunoni kwa mikono yake mwenyewe.

"Shikamoo, mama," Mussab akasema. "Nimekuja kukuomba Raihana."

Bi Kuluthum alikuwa amekwisha kukubali kwamba harusi ya mwanawe ataisikia tu. Machozi yakamtoka.

"Humu huamrishwa tu, mwanangu. Lala, amka, simama uhesabiwe. Miaka yote hii sijaombwa kitu. Leo nimeombwa. Mchukue, na mkijaaliwa mjukuu, nileteeni nimpakate."

Muda ulipokwisha, akaifungua leso, akaikunja vizuri, akampa bintiye.

"Niwekee. Ombi langu la kupunguziwa kifungo liko kortini. Siku wakinifungulia, inshallah, uje nayo langoni."

Hata hawajafika nje, vigelegele vikapaa nyuma ya ukuta: wenzake wa kifungo cha maisha walikuwa wameshapata habari. Bi Mwanatatu akavijibu kwa sauti yake yote, na askari Mwikali akajifanya hasikii.