Folda ya Ciakuthii

Nisameheni mapema, hadithi hii nitaiharibu. Mimi nikisimulia matanga watu hucheka. Nikisimulia harusi, mama mkwe hulia.

Kinya aliajiriwa kwa majaribio ya miezi mitatu katika kiofisi kimoja cha wakulima wa kahawa, Githongo. Akakalia kiti cha Ciakuthii, karani aliyefariki Januari. Fundi wa kompyuta alimwekea njia ya mkato: unatupia waraka kwenye folda moja, unajipeleka wenyewe kwenye seva, huko mtandaoni.

Waraka wa kwanza ulifika. Ila palipo jina la mwandishi palisomeka: Ciakuthii.

"Ni mashine hiyo," akasema mwenyekiti, mzee Kaimenyi, asiyejua hata inawashiwa wapi.

Makao makuu, ambako habari za msiba hazikuwa zimefika, wakajibu: *Hongera Ciakuthii, siku hizi umeboreka sana!*

Hapo ndipo kiti kilipoanza kunuka mafuta ya nazi aliyojipaka marehemu. Kinya akienda kumimina chai, nyuma yake vibonyezo vinalia, ta-ta-ta. Akigeuka, kimya, na kwenye skrini: *Kwani zamani nilikuwa mbaya?*

"Kinya," mzee akamwambia, "miezi mitatu inaisha Ijumaa saa kumi. Kwa jina lako hujatuma hata karatasi moja. Niwaambie makao makuu nini?"

Ijumaa, saa tisa na nusu, ukungu umeshuka hadi dirishani, Kinya akatupia taarifa ya mwisho kwenye folda, nayo ikafunguka yenyewe, jina lake likafutika herufi moja moja, harufu ya nazi ikamjaa kooni, na kiti kikadidimia polepole, polepole, kama kwamba mtu wa pili, mzito, ameketi mapajani pake.

"Mama Mukiri," akanong'ona.

Mama Mukiri, mpika chai, akasimama na birika mlangoni. "Usigeuke, mwanangu. Kwetu hata mtoto hapewi jina la mtu bila mwenyewe kujua. Nani alichukua jina la huyu?"

"Si mimi! Dada Ciakuthii, sifa ni zako, chukua. Mimi niachie kazi tu."

Kiti kikainuka. Saa kumi kasoro dakika mbili taarifa ikafika, kwa jina la Kinya. Wakamwajiri.

Na fundi? Mvivu yule hakutaka kumwombea Kinya akaunti mpya, akatumia jina la marehemu na neno lake la siri.

Fundi ni mimi. Hadithi hii nimeihifadhi jana kwenye kompyuta yangu, nyumbani Kinoru. Palipo jina la mwandishi, sipo. Basi palipokufurahisha, mshukuru Ciakuthii. Makosa ndiyo pekee aliyoniachia.